Bwawa, Banda na Bustani: Habari za Ufugaji wa Samaki Tangu Zamani hata Sasa

Halmashauri ya Chama chetu Kikuu ilipotuagiza kuandika habari za mabwawa ya samaki katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, baadhi ya wenzetu walitaka tuandike sifa tupu. Tumeona si vema. Katika miaka hii kumi hakuna jambo lililoleta maneno mengi mikutanoni kama mabwawa. Wako wanachama wanaoyataja kwa furaha, na wako waliofukia ya kwao wakapanda magimbi, wala hawataki kusikia tena habari zake. Na kwa kuwa mkutano mkuu wa mwaka huu utaombwa kukata shauri, ama Chama kitumie sehemu ya akiba yake kujenga mabwawa ya kuzalishia vifaranga, ama kiache, imetupasa kueleza mambo kama yalivyokuwa, ili kila mjumbe ajue anapigia kura kitu gani.

Mtu asiyeizoea kazi hii hudhani kwamba bwawa la samaki ni shimo lenye maji: watia samaki leo, warudi mwakani na kapu. Sivyo. Samaki ni mfugo kama mbuzi, naye asipolishwa hakui. Tofauti yake ni kwamba chakula chake chaweza kuoteshwa ndani ya maji yenyewe. Samadi ya kuku, bata, mbuzi au ng'ombe ikitiwa bwawani kwa kiasi, maji hugeuka rangi ya kijani kwa wingi wa mimea midogo mno. Mimea hiyo huliwa na vijidudu vya majini, na perege hula vyote viwili. Pumba za mahindi, mashudu, na majani ya magimbi na ya viazi vitamu huongezwa juu yake. Bwawa likikaushwa, tope la chini ni mbolea ya migomba na mboga, na maji yaliyotolewa hunywesha bustani. Basi taka ya huku ndiyo chakula cha kule, na mkulima ananunua vitu vichache tu kwa fedha. Hiyo ndiyo maana ya ufugaji wa samaki wa mchanganyiko, yaani bwawa, banda na bustani kuwa shamba moja.

Maarifa haya si mapya, wala hayakutoka Ulaya kama wengi wetu tulivyodhani. Katika kaburi la Mmisri aitwaye Nebamun, lililopambwa yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo, imo picha ya bustani yenye bwawa katikati, na ndani ya bwawa wamechorwa perege waziwazi kabisa, hata mvuvi wa Korogwe angewatambua. Lakini waliofikisha kazi hii mbali kuliko wote ni Wachina. Kitabu chao cha kale juu ya kufuga samaki husemwa kuwa kiliandikwa na Fan Li katika karne ya tano kabla ya Kristo, naye alikuwa mtu wa serikali aliyegeuka kuwa mfanyabiashara. Baadaye walivumbua kuweka aina nyingi za samaki wa jamii ya karpu katika bwawa moja: mmoja hula majani, wa pili huchuja mimea midogo, wa tatu huchuja vijidudu, wa nne huchimbua topeni, wa tano huvunja konokono. Hakuna anayemnyang'anya mwenziwe, na hakuna chakula kinachopotea.

Jambo linalotupendeza zaidi ni lile la mabonde ya Mto Pearl upande wa kusini, na la Huzhou karibu na Ziwa Tai. Huko wakulima walichimba mabwawa katika ardhi yenye kujaa maji, na udongo uliotoka wakaufanya matuta mapana, wakapanda mti wa mforosadi juu yake. Majani ya mforosadi yalilisha viwavi wa hariri. Kinyesi cha viwavi na mabuu yaliyobaki baada ya kuzongoa nyuzi vililisha samaki. Na tope la bwawa likapandishwa juu ya matuta kurutubisha miti. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mpango wa Huzhou kuwa urithi wa kilimo wa ulimwengu mwaka 2017. Kabla yake, mwaka 2005, ulitambuliwa ule wa Qingtian, ambako samaki hufugwa ndani ya majaruba ya mpunga tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Watafiti waliolinganisha mashamba ya pande hizo walitangaza mwaka 2011 kwamba penye samaki mavuno ya mpunga hayakupungua, ingawa wakulima walitumia dawa za wadudu pungufu kwa asilimia 68 na mbolea ya dukani pungufu kwa asilimia 24. Wenzetu wenye majaruba ya Mombo twawaomba wasome tena hesabu hizo. Walakini wasisahau kwamba dawa na samaki havikai pamoja: jaruba lililopigwa dawa kali huua samaki wote kwa siku moja.

Na jambo moja la Wachina twalikazia, maana linahusu kura yetu. Kwa karne nyingi hawakuwa na mbegu ya samaki ila ile waliyoikamata mtoni, kwa sababu wale karpu wao wakubwa hawakukubali kutaga mabwawani. Mwaka ambao mto haukuleta vifaranga, mabwawa yalikaa matupu. Ni mwaka 1958 ndipo mtaalamu Zhong Lin na wenzake walipofaulu kuwafanya watage kwa kuwadunga sindano. Maarifa yote ya matuta na samadi yalikuwapo tangu kale, lakini mkulima alibaki mateka wa mbegu.

Sasa tuje kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali za wakoloni zilianza kushughulika na upungufu wa vyakula vya kujenga mwili kwa watu wa bara, walio mbali na bahari na maziwa. Sagana nchini Kenya palianzishwa shamba la samaki mwaka 1948. Hapa Tanganyika majaribio yalianza mwaka 1949 mahali pawili: Malya, upande wa Mwanza, na Korogwe, hapa hapa bondeni mwetu. Yalichimbwa mabwawa mengi, wakawekwa perege. Wilaya yetu ilipata hata heshima isiyojulikana na wengi: mwaka 1955 mwanasayansi wa Kiingereza, Rosemary Lowe, aliandika sifa za perege wa pande hizi na kumpa jina la kitaalamu la mji wetu, nalo ni Oreochromis korogwe. Si miji mingi ya nchi hii iliyopewa samaki wake.

Heshima hiyo haikuyaokoa mabwawa. Ukame uliyakausha mengine, barabara zilikuwa mbovu, na uangalizi ulikuwa hafifu. Lakini sababu iliyowavunja moyo wakulima zaidi ya zote ilikuwa ndani ya tabia ya perege mwenyewe. Perege ni mzazi hodari mno. Akiwa bado mdogo, mwenye umri wa miezi michache tu, huanza kutaga. Na katika aina nyingi za jamii hii mama huyaweka mayai kinywani mpaka yaanguliwe, hata vifaranga vyake havifi kwa urahisi. Uzazi huo mtoni ni neema, maana maadui ni wengi. Bwawani ni msiba. Mkulima hutia samaki mia, na baada ya miezi sita anao maelfu, wote wakigombania chakula kile kile, wote wamedumaa, hakuna aliyezidi kiganja. Mzee mmoja mwanachama wetu, aliyekuwa mtoto wakati wa mabwawa ya kwanza, alitueleza kwamba watu walivua, wakatazama kapuni, wakacheka, wakaenda zao. Hakuwalaumu, wala sisi hatuwalaumu.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana mbali, na kwa kiasi fulani ilitoka kwetu. Katika kituo cha uchunguzi wa samaki cha Malacca, nchi iliyoitwa wakati ule Malaya, mtaalamu C. F. Hickling alipelekewa perege kutoka Unguja. Akawaoza madume wa Unguja na majike wa perege wa Java. Hata huyo wa Java asili yake ni Afrika, kusini ya Zambezi na mito iliyo jirani, naye alionekana Java mwishoni mwa miaka ya 1930, akapewa jina la mwanakijiji aliyemfuga. Watoto waliozaliwa karibu wote walikuwa madume. Hickling alitangaza habari hiyo mwaka 1960. Madume hukua upesi kuliko majike, na wakiwa peke yao hawajazi bwawa watoto. Tangu hapo wataalamu wametafuta njia nyingine za kupata madume matupu: kuwachagua kwa mkono mmoja mmoja, au kuwalisha vifaranga wachanga chakula chenye homoni katika majuma ya kwanza. Leo China ndiyo inayoongoza ulimwenguni kwa kufuga perege, samaki aliyetoka kwetu. Hatusemi haya kwa wivu, bali yafaa yajulikane.

Mkulima wa Korogwe hakuyapata maarifa hayo wakati ule. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilianzisha kampeni ya nchi nzima ya kufuga samaki, na mwaka 1968 yalihesabiwa mabwawa yapatayo 8,000. Hesabu ni kubwa, lakini mengine yalikuwa na eneo la mita 20 za mraba tu, yaani hatua tano kwa nne. Bwawa kama hilo halimlipi hata aliyelichimba. Mbegu ilikuwa ni vile vidumavu vya jirani, na Bwana Samaki mmoja alikuwa na eneo lisilopitika kwa baiskeli. Tena mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri ya serikali, na sheria ya kuvirudisha haikupatikana mpaka mwaka 1982. Hatusemi kwamba vyama vingeokoa mabwawa. Twasema tu kwamba katika miaka hiyo mkulima mwenye bwawa hakuwa na wa kumwendea kutafuta mbegu, wala soko, wala mkopo.

Majirani zetu walipita njia hiyo hiyo. Katika Kongo ya Wabelgiji, ambako kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi kilifanya kazi kubwa ya kuwachunguza perege, yalihesabiwa mabwawa zaidi ya 120,000 mwishoni mwa miaka ya 1950. Mengi yalichimbwa kwa shuruti ya wakubwa. Shuruti ilipoondoka na uhuru wa mwaka 1960, wenyewe waliyaacha. Kenya, katika siku za karibu zaidi, ilijaribu njia ya upole. Mwaka 2009 serikali yake iliamua kujenga mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, na ikatoa vifaranga na chakula cha kuanzia bure. Samaki wa kufugwa wakapanda wakapita tani 24,000 mwaka 2014. Kisha misaada ilipokoma, wengi hawakuweza kununua chakula cha dukani, na hesabu ikashuka mpaka tani 15,000 hivi mwaka 2016. Tulipozisoma habari hizo katika halmashauri palikuwa kimya kwa muda, maana kila mmoja alikuwa akifikiri habari za kijiji chake.

Chama chetu nacho kilifanya makosa, na twayaungama hapa. Mwaka wa pili wa Chama, wanachama wa vyama vya msingi vitatu walichimba mabwawa kwa kusaidiana, kwa jembe na koleo, bila mashine. Tulinunua vifaranga kwa mtu aliyetuapia kwamba wote ni madume. Hawakuwa. Baada ya miezi minne maji yalichemka watoto, nasi tukawa tumerudi kule kule kwa kicheko cha mwaka 1949. Tulidai fedha zetu, hatukulipwa, na daftari la Chama lina deni hilo mpaka leo.

Kosa la pili lilikuwa letu wenyewe. Mwanachama mmoja mwenye bidii alisikia kwamba samadi ya kuku ndiyo chakula cha samaki, akajenga banda la kuku juu ya maji, kama ipasavyo, kisha kwa kuona banda lachelewa akaongeza samadi kwa mikokoteni. Maji yakawa mazito kama mlenda. Alfajiri ya siku ya nne alikuta samaki wake wote wameelea. Jirani walisema amerogwa. Sababu ni hii: mimea ya majini hutoa hewa mchana kwa nguvu ya jua, lakini usiku huivuta hewa hiyo hiyo pamoja na samaki, na samadi inapooza huivuta pia. Ikizidi, hewa hukwisha kabla ya mapambazuko. Ukiona asubuhi samaki wamepanda juu wanatweta midomo wazi, usitie kitu, fungulia maji mapya. Na kipimo chake hakihitaji chombo: tia mkono majini, kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, samadi yatosha. Kikipotea mapema zaidi, acha. Tungalijua kipimo hicho siku zile, yule ndugu yetu angalikuwa bado mfugaji. Sasa ana magimbi.

Waliobaki ni wachache, nao ndio waliotufundisha. Bibi mmoja wa chama cha msingi cha mlimani, mwenye bwawa la hatua kumi na tano kwa kumi, alipoleta hesabu zake halmashauri ilidhani amekosea kuandika: fedha nyingi zilitoka bustanini, si bwawani. Alikuwa na mchicha, nyanya na bilinganya wakati wa kiangazi ambapo soko zima halikuwa na kitu, kwa sababu bwawa lilimwekea maji na tope lilimwekea mbolea. Samaki waliliwa nyumbani na kuuzwa kidogo kidogo. Baadaye tuliona kwamba watafiti waliokaa na wakulima wa Zomba, Malawi, tangu miaka ya 1980 waliandika jambo lilo hilo: katika ukame mkali wa 1991 na 1992, wenye bwawa walipata mboga kutoka katika unyevu wa chini ya bwawa hata lilipokauka. Tangu siku ile hatuwaulizi tena wanachama wana samaki wangapi, bali twauliza bwawa limelisha nini.

Kazi ambayo Chama kimeifanya vizuri ni moja, nayo ni ya soko. Samaki akitoka majini hangoji. Zamani wenye mabwawa walivua wote katika juma la sikukuu, bei ikaanguka, na wengine wakarudi na samaki walioharibika. Sasa kuna zamu: kila bwawa lina siku yake, na akina mama wakaangaji wa stendi wanajua leo samaki watatoka wapi. Asiyefuata zamu hutozwa faini. Walionung'unika mwanzoni sasa ndio wanaoidai zamu kwa ukali.

Limebaki jambo la mbegu, lenye ubishi. Upande mmoja wanataka sato, kwa kuwa hukua haraka na sokoni ana jina. Upande wa pili wanakumbusha kwamba sato si mwenyeji wa Mto Pangani. Na wataalamu wa siku hizi wamethibitisha kwamba katika maji ya Tanzania alikopelekwa, hutoroka mabwawani na kuzaana na perege wenyeji, hata asili yao ikachafuka. Mvua kubwa moja yatosha kuvunja tuta. Perege mwenye jina la mji wetu aweza kupotea kwa njia hiyo, pasipo mtu kumwua. Sisi tunaoandika hatukubaliani hata wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu anasema tumbo la mtoto halijali jina la samaki. Mwingine anajibu kwamba mabwawa ya mbegu yaliyo yetu yangetuwezesha kuwachagua madume wa perege wenyeji, bila kumtegemea muuza vifaranga yeyote, na bila kuuharibu mto. Wote wawili wanakubali kwamba kuchagua kwa mkono ni kazi ya kuchosha, na wahitaji vijana waliofundishwa, wenye macho mazuri na subira.

Gharama za mabwawa manne ya mbegu, mfereji wake, na mishahara ya walinzi wawili zimeandikwa katika taarifa ya mtunza hazina, nayo itagawiwa kwa wajumbe. Tunawaomba waje mapema siku ya mkutano, saa moja asubuhi. Bwawa la mfano la Chama, lililotiwa samaki miezi saba iliyopita, madume waliochaguliwa kwa mkono upande mmoja wa uzio, na mbegu ya kununuliwa upande wa pili, litakaushwa mbele yao. Mizani itakuwapo, na mjumbe yeyote ataruhusiwa kupima mwenyewe kabla ya kuingia ukumbini.